Ncha ya foromali inatosha

Swali: "Shikamoo daktari. Nauza chai na mihogo ya kuchemsha pale Deep Sea, Tanga. Asubuhi ngalawa zikirudi zinabanana upande wa pili wa banda la mnada wa samaki, kwa hiyo nilipokaa mimi naona paa tu. Lakini ikichomoza ncha ya foromali, ule mti mrefu unaoshika tanga, na kipande cha tanga chenye kiraka cha bluu, nasema moyoni, baba watoto huyo karudi, na sijawahi kukosea. Ubongo unajuaje kitu kizima wakati jicho limeona kipande? Na mbona mama yangu, tangu alipopata kiharusi mwaka jana, kikombe kikiwa peke yake mezani anakijua, kikiwa kwenye karai la vyombo anasema hakipo? Mjukuu wake anasema siku hizi hata simu inatambua vitu. Naomba unieleweshe."

Marahaba, dada yangu. Umeuliza matatu kwa mpigo. La simu nitalimaliza kwa maneno machache. La mama ndilo lililonikalisha kitako niandike, lakini halitaeleweka kabla ya la kwanza, kwa hiyo tuanzie hapo hapo kwenye meza yako ya chai.

Ukimuuliza mtu yeyote atakujibu upesi kwamba dalili ya mvua ni mawingu: ngalawa ya mumeo umeizoea, ukiona kipande unakisia kilichobaki. Si uongo. Kile kiraka cha bluu pengine umekishona kwa mkono wako. Ila jibu hilo linairuka kazi kubwa iliyofanyika kabla hujakumbuka chochote. Ile ncha ya foromali ina mahali inapoishia, pale inapokutana na bati la paa. Mbona hukuona kijiti kifupi kilichochomekwa juu ya bati? Mbona hukusema masikini, foromali imevunjika? Mgeni kutoka Dodoma ambaye hajawahi kuiona ngalawa maishani mwake, ukimkalisha kwenye benchi lako, naye hataona kijiti kilichokatwa. Ataona kitu kirefu kinachoendelea nyuma ya paa, ingawa hatajua ni kitu gani wala cha nani.

Kumbe kazi ni mbili. Ya kwanza ni kujua kwamba kitu kinaendelea pale usipoona. Hiyo tunayo wote, wewe na mgeni wa Dodoma. Ya pili ni kujua kitu hicho ni nini, na hapo wewe unamshinda mgeni kwa sababu ya miaka uliyokaa pwani. Watu huzichanganya hizi mbili, na mimi mwenyewe nilizichanganya mpaka mgonjwa mmoja akanifundisha. Nitakusimulia mbele.

Ndani ya jicho, ukutani kwa nyuma, kuna seli zaidi ya milioni 100 zinazopokea mwanga. Habari zake zinakusanywa kwenye nyuzi kama milioni moja tu za neva ya jicho, zinapita kituo kimoja katikati ya kichwa, kisha zinafika sehemu ya ubongo iliyo nyuma kabisa, kisogoni. Kule ndiko David Hubel na Torsten Wiesel, waliokuwa wakifanya kazi Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walikogundua jambo lililowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Walichunguza ubongo wa paka na kukuta seli nyingi za kituo hicho cha kisogoni haziangalii "kitu". Kila moja inachungulia kwenye kidirisha chake kidogo na inashtuka ikiona ukingo, yaani mahali weusi unapokutana na weupe, tena uliolala kwa mwelekeo fulani. Hii inapenda ukingo uliosimama, ile uliolala, nyingine ulioinama kidogo. Katika hatua hiyo hakuna ngalawa, hakuna paa, hakuna mume. Kuna vipande vya mistari maelfu kwa maelfu, kama uzi wa jarife lililofumuka.

Sasa ubongo una swali la kuuliza juu ya kila mstari: huu ni wa nani?

Hapo ndipo penye siri yote, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua khanga iliyoanikwa kwenye kamba uani, na mtoto kasimama nyuma yake, ametokeza bega na nusu ya uso. Kati ya khanga na uso kuna mstari mmoja. Jicho halioni miwili. Lakini mstari huo una mwenyewe mmoja tu, nao ni wa khanga. Khanga ndiyo inayoishia pale. Uso hauishii pale, umepita nyuma. Ubongo ukikosea ukampa mtoto umiliki wa mstari ule, basi utakuwa unamuona mtoto mwenye nusu uso, aliyekatwa kama papai. Ukiupa khanga, uso unakuwa huru kuendelea hata kama hauonekani.

Mwaka 2000 watafiti watatu wa Baltimore, Marekani, Hong Zhou, Howard Friedman na Rüdiger von der Heydt, walitoa matokeo kutoka kwenye ubongo wa nyani. Katika kituo cha pili cha kuona, kinachopakana na kile cha kwanza cha kisogoni, zaidi ya nusu ya seli walizopima zilikuwa zinajali mwenye mstari yuko upande gani. Mstari ndani ya kidirisha cha seli ni ule ule, rangi ni zile zile, lakini kitu chenye mstari kikiwa kushoto seli inapiga kwa nguvu, kikiwa kulia inapiga kwa ulegevu. Na uamuzi huo unaanza kuonekana ndani ya milisekunde 25, yaani sehemu 25 za elfu za sekunde, tangu seli ilipoanza kuitikia. Mabaraza yetu ya ardhi yangeazima kasi hiyo, mashamba mengi yangekuwa yameshapata wenyewe.

Unaamuaje haraka hivyo? Kwa alama ndogo ndogo zilizo wazi mbele yako, ila huna habari nazo. Ya kwanza ni herufi T. Kesho asubuhi hebu tazama pale foromali inapopotelea kwenye paa. Ukingo wa paa unapita moja kwa moja, haujali. Ukingo wa foromali unakuja, unaugonga, unaishia. Umbo hilo ni T iliyogeuzwa. Dari la T ni la kitu kilicho mbele, na mguu wa T ni wa kitu kilicho nyuma. Ukizoea kuzitafuta utaziona kila mahali: nguzo na ukuta, mnazi na bahari, kiwiko cha mtu na mgongo wa mwenzake kwenye daladala. Alama ya pili ni macho mawili. Kila jicho linatazama kutoka mahali tofauti kidogo, na tofauti hiyo inauambia ubongo kipi kiko karibu. Mwaka 1989 Ken Nakayama na wenzake walionyesha picha ya uso iliyokatwa vipande vya mlalo. Picha ikipangwa ili mapengo yaonekane kama mikanda iliyo mbele ya uso, watu waliutambua uso vizuri zaidi. Ikipangwa ili vipande vya uso ndivyo vionekane viko mbele, kuutambua kukawa kugumu, ingawa vipande ni vile vile. Alama ya tatu ni mwendo, nayo ina nguvu sana. Tukiwa watoto, Barabara ya 8 pale Ngamiani, kulikuwa na ua wa fito zilizobanana. Ukisimama huoni kitu. Ukipita na baiskeli kwa kasi unaona uwanja wote wa ndani, kuku, kisima na bibi anayekuna nazi, kana kwamba ua haupo.

Sijui kwa nini hatukuambiwa shuleni, lakini mmoja wa watu wa kwanza kulisema jambo hili kwa mapana hakuwa Mzungu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri karne ya 11, alieleza kwamba mengi tunayodhani jicho limeyaona kwa kweli ni hukumu, ila ya haraka mno kiasi kwamba anayehukumu hajijui kuwa amehukumu.

Usiniamini kwa maneno. Fanya jaribio, halina gharama. Chukua karatasi mbili nyeupe. Kwenye kila moja andika herufi B kubwa nne au tano, nene, kwa kalamu nyeusi, nyingine zimelala, nyingine zimepinduka, zitawanyike ovyo. Kata vipande vya karatasi vyenye umbo la minyoo iliyojikunja: seti moja ya karatasi nyeupe ile ile, seti nyingine ya karatasi ya rangi kali, hata pakiti ya majani ya chai itafaa. Funika herufi za karatasi ya kwanza kwa vipande vyeupe, za pili kwa vipande vya rangi, mahali pale pale na kiasi kile kile. Zipige picha zote mbili kwa simu, umwonyeshe mtu ambaye hakukuona ukiandika. Picha ya vipande vyeupe ataona mikwaruzo isiyo na maana, mabaki ya kitu. Picha ya vipande vya rangi atakuambia papo hapo, hizi si B? Jaribio la namna hii Albert Bregman wa Montreal, Canada, alilionyesha mwaka 1981, na kila ninapolirudia mbele ya watu kuna mmoja anayeniambia nimemdanganya, nimeacha wino zaidi upande mmoja. Sijaacha. Wino ni sawa sawa.

Tofauti ni kwamba katika picha ya pili mfichaji anaonekana. Ubongo unamwona, unampa mistari iliyo yake, na vipande vya herufi vinabaki bila ncha za uongo, hivyo vinaungana nyuma ya kifuniko. Katika picha ya kwanza mfichaji kajificha naye. Mistari ya mkato haina pa kwenda, inahesabiwa ni ya herufi zenyewe, na herufi zinakuwa takataka. Kwa hiyo dada yangu, lile paa la mnada unalolilalamikia kwamba linakuzibia ndilo linalokusaidia. Kama lingekuwa halionekani kabisa na ngalawa imekatwa tu hewani, ungesumbuka zaidi kuitambua.

Hata masikio yako hivyo hivyo. Mwaka 1970 Richard Warren, huko Marekani, alirekodi sentensi, akafuta sauti moja katikati ya neno na badala yake akaweka kikohozi. Wasikilizaji walisikia neno zima, na hawakuweza kusema kikohozi kilikuwa kimekaa mahali gani hasa. Alipoacha kimya badala ya kikohozi, pengo wakalitambua mara moja. Bodaboda ikipita mteja akisema "niongeze sukari", unasikia sukari yote. Simu ikikatakata kwa mtandao mbovu, neno linakuja na matundu. Kelele inafanya kazi ya paa. Kimya hakifanyi.

Hapo nikuonye juu ya jambo moja ambalo hata wasomi hulisema ovyo. Husemwa kwamba ubongo "unajaza" sehemu isiyoonekana, kama fundi anayemalizia picha. Sikubaliani na neno hilo, angalau kwa mfano wako. Hebu jiulize, ulipojua ngalawa iko nyuma ya paa, uliona rangi ya ubavu wake pale kwenye bati? Hukuona. Uliona bati. Ulijua kuna ngalawa nyuma yake, tena kwa uhakika unaofanana na kuona, lakini hakuna picha iliyochorwa. Albert Michotte, mwanasaikolojia wa Ubelgiji, alilisisitiza sana hilo: kitu kinakuwepo kizima katika kuona kwetu bila sehemu yake iliyofichwa kuwa na rangi wala mwanga wowote.

Na unaweza kukuta kuona kwako kunabishana na akili yako. Tanga ni mji wa baiskeli, mfano huu hautakusumbua. Egemeza baiskeli mbili kwenye nguzo pana, moja upande huu na nyingine upande ule, zote zikitazama upande mmoja, ili kushoto litokeze gurudumu la nyuma na kulia litokeze la mbele. Simama mbali. Utaona baiskeli moja ndefu kama basi. Unajua hakuna kiwanda kinachotengeneza baiskeli ya namna hiyo, na kujua huko hakukusaidii kitu, bado unaiona. Gaetano Kanizsa, aliyefundisha Trieste, Italia, alipenda kutumia michoro ya aina hii, wanyama warefu wasiowezekana, ili kuonyesha kwamba kazi ile ya kwanza haimsubiri mwenye elimu. Inafuata mistari inayoelekeana, inaiunga, basi. Akili inakuja baadaye na kukuta kazi imekwisha.

Kazi ya pili, ya kutambua kwamba hii ni ngalawa na ni ya fulani, inachukua muda zaidi, na muda huo umepimwa. Mwaka 2014 kundi la Gabriel Kreiman la Boston lilitoa matokeo ya wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa nyaya ndani ya ubongo kwa ajili ya matibabu. Walionyeshwa picha za vitu, nyingine nzima, nyingine vipande tu. Kwa vipande, sehemu ya ubongo ya kutambua vitu bado iliitikia ipasavyo, lakini ilichelewa kama milisekunde 100, sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwako ni kufumba na kufumbua. Kwa neva ni safari ndefu, muda wa kutosha habari kwenda vituo vya mbele na kurudi.

Inakwenda wapi? Mwaka 2017 Amber Fyall, Anitha Pasupathy na wenzao wa Seattle walieleza walichokiona kwa nyani waliofundishwa kutambua maumbo yaliyofunikwa nusu kwa madoa. Katika kituo cha kati cha kuona, umbo likifunikwa, seli ziliitikia mara ya kwanza kwa unyonge. Lakini seli za sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, zilifanya kinyume: kadiri umbo lilivyofunikwa, ndivyo zilivyopiga kwa nguvu. Kisha kile kituo cha kati kikaitikia mara ya pili, na safari hii umbo lililofunikwa likasomeka vizuri zaidi. Wao wanaliona wimbi hilo la pili kama msaada uliorudi kutoka mbele. Ni kama mzee aliyekaa barazani: kijana anamletea habari nusunusu, mzee anamwambia, rudi uangalie tena, huyo atakuwa mtoto wa fulani, na kijana akirudi anaona alichokikosa. Kiraka chako cha bluu kinaingia kwa mlango huo.

Swali la simu la mjukuu nalo linaingia hapa. Anasema kweli, simu inatambua vitu. Lakini programu nyingi za kutambua picha zilijengwa kwa mtindo wa kwenda mbele tu, kituo hadi kituo, bila kurudi nyuma kuuliza. Zinafanya vizuri kitu kikiwa wazi, na kikifunikwa sana zinaanguka kuliko mtu. Mwaka 2018 kundi lile lile la Boston lilionyesha kwamba ukiiongezea programu ya namna hiyo njia za kurudi nyuma, inakaribia zaidi uwezo wetu. Mwambie ajaribu kupiga picha kikombe kilichojificha nyuma ya birika, aone simu itasema nini.

Watoto wachanga nao, kwa kuwa najua wapo kwenye kibanda chako. Mtoto hazaliwi na uwezo huu ukiwa umekamilika. Mwaka 1983 Philip Kellman na Elizabeth Spelke, Marekani, waliwaonyesha watoto wa miezi minne fimbo iliyopita nyuma ya boksi, ncha zake mbili zikiyumba pamoja kushoto na kulia. Watoto walipoichoka, wakaonyeshwa fimbo nzima na fimbo mbili fupi. Waliikodolea macho ile iliyokatwa, ikawa kitu kipya kwao. Maana yake nyuma ya boksi walikuwa wamejua kuna fimbo moja. Fimbo ikiwa imetulia tuli, watoto wa umri huo hawakuonyesha hilo. Mwendo tena. Na usicheke, lakini kifaranga wa kuku anatushinda. Lucia Regolin na Giorgio Vallortigara wa Italia walionyesha mwaka 1995 kwamba vifaranga wa siku chache tu, waliozoezwa umbo la pembetatu, wanalitambua hata likiwa limefunikwa katikati. Kifaranga akitoka kwenye yai ni lazima amjue mama yake nyuma ya majani siku hiyo hiyo. Mtoto wa binadamu anabebwa, ana muda wa kujifunza.

Sasa mama.

Sijampima, kwa hiyo siwezi kumpa jina la ugonjwa kutoka hapa nilipo, na ukimpata mtu anayempa jina bila kumwona usimlipe. Lakini ulivyoeleza umeeleza kitu ambacho sisi wa macho tunakikosa mara nyingi, na mimi nilikikosa. Miaka mingi nyuma, kwenye kliniki moja, aliletwa mzee aliyepona kiharusi, anasumbuka kuona. Nikampima kwa ubao wa herufi, akasoma vizuri mpaka mstari wa chini. Nikamwandikia miwani ya kusomea. Akarudi, haoni kijiko. Nikabadilisha miwani. Akarudi tena na binti yake, na binti akaniambia kwa hasira iliyofunikwa na adabu: daktari, baba anaona, ila vitu vikiwa vingi vinapotea. Ndipo nikaelewa upumbavu wangu. Ubao wa herufi una herufi nyeusi, moja moja, kwenye uwanja mweupe, hakuna kinachomziba mwenzake. Nilikuwa nimempima kitu ambacho hakijaharibika.

Kipimo kinachofaa ni cha zamani. Walther Poppelreuter, daktari wa Ujerumani aliyehudumia askari waliojeruhiwa kichwani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alichapisha mwaka 1917 kazi yake juu ya majeraha hayo. Alitumia michoro ya vitu vya kawaida, nyundo, jagi na kadhalika, vilivyochorwa juu kwa juu. Mwenye ubongo mzima anavitenganisha bila taabu. Wengine walioumia hawawezi, ingawa kila kitu kikichorwa peke yake wanakijua. Kwao ile kazi ya kugawa mistari kwa wenyewe imevurugika. Karai la vyombo si jingine ila mchoro wa Poppelreuter: mdomo wa kikombe unakatiza sahani, sahani inakatiza mwiko, T kila mahali, na hakuna wa kuamua. Mama haoni kikombe kilichofichwa. Anaona msongamano wa mistari. Akisema "hakipo" hasemi uongo wala hakaidi.

Lakini kabla ya kuhitimisha hivyo, yapo mambo mawili ya kawaida zaidi ya kuondoa. Kiharusi mara nyingi kinafuta nusu ya uwanja wa kuona, upande wa kushoto wote au wa kulia wote. Angalia kama anaacha chakula upande mmoja wa sahani, au anagonga bega moja mlangoni. La pili ni mtoto wa jicho, ukungu unaofifisha tofauti za rangi. Huo una upasuaji na hauhusiani na kiharusi.

Nyumbani fanya hivi, tena mchana, mama akiwa amepumzika. Mwekee kikombe peke yake kushoto, kisha kulia, kisha katikati. Kiweke kikigusana na sahani. Kiweke nusu yake nyuma ya birika. Kisha kikiwa kwenye karai. Kila hatua andika kwenye daftari alichosema na muda aliotumia. Usimwambie amekosea. Daftari hilo nenda nalo hospitali, umwombe daktari wa macho ampime na uwanja wa kuona, si herufi tu, na umwambie waziwazi kwamba tatizo linakuja vitu vikipandana. Ukisema "haoni vizuri" tu, atapewa miwani kama nilivyofanya mimi. Na siku yoyote akipotewa na kuona ghafla, au mdomo ukipinda, au mkono ukilegea upya, usingoje daftari wala daladala, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Yapo ya kumpunguzia taabu kuanzia leo. Ondoa kile kitambaa cha meza chenye maua, kama kipo, na khanga yenye nakshi nyingi usiitandike chini ya chakula chake. Kila ua ni mistari mipya inayogombaniwa. Tandika kitambaa cha rangi moja iliyokolea, uweke kikombe cheupe. Vitu vyake viwe vichache, kila kimoja na nafasi yake pembeni. Akikikosa, kinyanyue ukitikise kidogo, au kisogeze. Mwendo huwa unawasaidia wengi kutenganisha vitu, kama fimbo kwa mtoto wa miezi minne. Na mwache atumie mkono. Kugusa hakupiti njia ile ya kisogoni, vidole vyake vinaweza kukijua kikombe ambacho macho yameshindwa nacho, na hilo si la kumwonea aibu mbele ya wageni.

Kile kikombe anachokipenda kitoe kabisa kwenye karai. Kitundike peke yake kwenye msumari, ukutani, upande anaouona vizuri, pale pale kila siku.